Dago na Kambi: Uhakiki wa Fasiri ya Neno Moja la Wavuvi wa Kizimkazi

Neno dago si geni katika makamusi ya Kiswahili, wala si geni vinywani mwa watu wa kusini ya Unguja. Walakini neno lisomwalo kitabuni si lile hasa linenwalo Kizimkazi. Makamusi yanayolitaja aghalabu huridhika na maneno mawili matatu yenye maana ya "kambi ya wavuvi", na msomaji asiyeijua pwani hufunga kitabu akidhani amekwisha kulielewa. Fasiri hiyo si ya uwongo, ila imepunguka. Na kilichopunguka ndicho kiini cha neno. Makala haya yakusudia kuonyesha upungufu huo, kueleza ulikotoka, na kutaja hasara inayoletwa nao, ambayo si hasara ya wanakamusi peke yao.

Kizimkazi ni miji miwili iliyo jirani, Dimbani na Mkunguni, katika pwani ya kusini-magharibi ya Unguja. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yajulikanayo katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Jambo hili halitajwi hapa kwa fahari tu. Linatajwa kwa sababu watu waendao dago si watu wasio na kwao. Ni watu wa mji mkongwe, wenye nyumba, msikiti, makaburi ya wazee wao na mashamba yao ya maweni. Nao kwa hiari yao huyaacha hayo yote kwa majuma kadhaa, wakalale mchangani penye upepo. Dago haliwi dago ila kwa mtu mwenye mji wa kurejea. Tangu hapa neno limekwisha kuwa na sharti ambalo fasiri ya kamusi haikulitaja.

Kwa sura yake ya nje, dago ni kitu chepesi kueleza. Chombo hutoka, kikiwa ni ngalawa au mashua, kimepakia maji matamu, mchele, unga, chumvi, kuni, na zana za kuvulia: nyavu, madema au mishipi. Wavuvi hufika kisiwani au katika pwani isiyo na nyumba, mathalani katika visiwa vya Ghuba ya Menai kama Pungume, Miwi na Kwale. Hujenga kibanda cha makuti, au hutandaza tanga la chombo juu ya miti ili kupata kivuli. Huweka mafiga matatu na kusimamisha chanja ya kuanikia samaki. Samaki wasioweza kufikishwa sokoni wakiwa wabichi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka wakawa ng'onda. Siku hazihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Huhesabiwa kwa mwezi na maji, bamvua na maji mafu, na kwa pepo za msimu. Hapana kisima, hapana duka, hapana tabibu. Maji yakiisha, watu hurudi. Mtu akiugua, hurudishwa.

Mtu akiyatazama hayo kwa macho matupu, atasema kwamba ni kambi, na hatalaumika. Lakini lugha haitazami kwa macho matupu. Yafaa kwanza kuangalia jinsi neno linavyotumika katika sentensi. Watu wa pwani husema "kwenda dago", kama wasemavyo "kwenda hija" na "kwenda safari". Kambi, kwa kawaida, hudai kiambishi cha mahali: mtu huenda kambini, huingia kambini, hutoka kambini. Ni kweli kwamba "dagoni" pia husikika, pale msemaji anapokusudia mahali hasa, kwamba fulani yuko dagoni au moto umeshika dagoni. Basi neno hili lina nyuso mbili. Uso wake mmoja ni mahali, na uso wa pili ni shughuli iliyo na mwanzo, mwenendo na mwisho, kama ilivyo hija. Makamusi yameupokea uso wa kwanza na kuuacha wa pili. Mwenye kusema "mwaka huu hawakwenda dago" hasemi kwamba watu hawakufika mahali fulani; asema kwamba jambo fulani la mwaka halikutendeka.

Yafaa pia kulitazama neno pamoja na jamaa zake. Lipo ago, lenye maana ya mahali pa kutua wawindaji au wasafiri. Lipo lago, ambalo husikika zaidi kwa wingi, malago. Tena kipo kilago, yaani mkeka wa kulalia. Sauti na maana za maneno haya zinakaribiana mno, na ukaribu huo waelekea kwenye shina la Kibantu lihusulo kulala. Kwa asili yake, basi, dago ni malalo: ni mahali pa mtu kuweka ubavu pasipokuwa kwake. Kulala kwa watu kuna adabu zake katika desturi za pwani. Mtu huweza kupita katika uwanja wa mwenziwe asiulizwe, lakini hawezi kulala hapo asijulikane. Adabu hiyo imo ndani ya neno.

Kambi ni neno la ukoo mwingine. Asili yake imejadiliwa mara nyingi, na mjadala huo hauhitajiwi hapa. Kilicho muhimu ni kazi linayoifanya. Ipo kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, kambi ya wachezaji wa mpira kabla ya mashindano, na katika siasa hutajwa kambi ya upinzani. Miongoni mwa Wamijikenda, kambi ni baraza la wazee. Katika matumizi yote hayo kuna wazo moja, nalo ni watu waliojumuika chini ya amri yao wenyewe, wakajitenga na walio nje. Utaratibu wa kambi hutoka ndani ya kambi: huwa na mkuu wake, mpaka wake na sheria yake. Hata kitenzi chake chaeleza hivyo, kwani kambi "hupigwa". Apigaye kambi ndiye mtendaji, na ardhi ni kitu kipigiwacho. Neno lenyewe halimwulizi mtu ardhi ni ya nani.

Huenda mtu akapinga kwa kutaja misafara ya bara ya karne ya 19. Katika maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo maandishi yake ya Kiswahili yalichapwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, msomaji huona misafara ikitua na kuondoka katika nchi za watu. Nayo misafara ya zama zile ilitozwa hongo na watemi ambao nchi zao zilipitiwa. Je, hiyo siyo kambi iliyomtambua mwenyeji? Pingamizi hili ni zito, lakini linasaidia hoja kuliko kuivunja. Haki ya mwenyeji ilikuwapo, ila ilikaa katika neno jingine, hongo, tena neno ambalo leo limegeuka kuwa jina la rushwa. Kambi ilibaki kambi, hongo iwe imetolewa au haikutolewa. Dago si hivyo. Mvuvi aliyejificha katika pwani ya watu, akavua na kulala pasipo wenyewe kujua, hasemwi kwamba yuko dago. Husemwa kwamba ameingia kwa wizi. Kwa hivyo idhini si nyongeza ya dago, bali ni sehemu ya maana yake.

Idhini hiyo ina njia zake. Mgeni afikaye kuvua katika bahari ya mji mwingine hujitambulisha kwa sheha wa hapo, naye hutarajiwa kuja na barua ya sheha wa kwao, ili ijulikane ametoka wapi na atadhaminiwa na nani. Barua na muhuri ni mambo ya zama hizi, lakini hodi yenyewe ni ya zamani. Kabla ya ofisi za masheha kuwa kama zilivyo, miji ya Wahadimu ilikuwa na wazee wake wanne, watu wanne kama walivyoitwa, na alikuwako mvyale, mlinzi wa mizimu ya mahali. R. H. W. Pakenham katika kijitabu chake juu ya ardhi ya Chwaka, kilichotoka mwaka 1947, na John Middleton katika uchunguzi wake juu ya ardhi ya Zanzibar uliochapwa mwaka 1961, walionyesha kwamba nchi ya maweni na msitu, ambayo mpita njia huidhania haina mwenyewe, ilikuwa chini ya jamii maalumu zenye haki na wajibu juu yake. Pwani isiyo na nyumba si pwani isiyo na watu. Neno dago lilizaliwa katika nchi yenye itikadi hiyo, wala haliwezi kufasiriwa sawasawa nje yake.

Ushahidi mwingine umo katika neno fungu. Katika Kiswahili, fungu ni sehemu ya kitu kilichogawanywa, na fungu ni rundo la mchanga au mwamba unaojitokeza baharini. Maana zote mbili hukutana dagoni. Samaki wakishapatikana hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la zana, na mafungu ya watu. Na mahali pa kutua huwa pengine ni fungu la mchanga. Mbali sana katika bahari ya kusini-mashariki ya Unguja kipo kisiwa kidogo cha matumbawe, bapa, kisicho na kisima wala msitu, ambako ndege wa baharini hutaga kwa maelfu. Ramani za Kizungu hukiita Latham, kwa jina la chombo cha Kiingereza cha karne ya 18. Watu wa pwani humwita kwa majina ya Fungu Mbaraka na Fungu Kizimkazi. Tofauti ya majina hayo yatosha kuwa somo. Jina la kwanza lataja chombo kilichopita. Jina la mwisho lataja mji. Kisiwa ambacho hapana awezaye kukaa kimeitwa kwa jina la wakaao mbali nacho, na jina hilo ni kama hati isiyoandikwa ofisini.

Sasa yapasa kuuliza kwa nini makamusi yalilipokea neno hili likiwa limepunguka. Sababu ya kwanza ni historia ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Na kamusi kubwa lililotolewa chini ya Frederick Johnson likachapwa mwaka 1939. Uchaguzi ule ulikuwa na manufaa yake, nayo hayakanushwi. Lakini maneno ya wavuvi wa kusini na kaskazini ya kisiwa yalifika kitabuni kwa kupitia sikio la mjini. Mtu wa mjini humjua mvuvi anapofika na samaki sokoni. Alikolala na kwa idhini ya nani, hayo si mambo ya sokoni. Basi neno likafasiriwa kwa upande ule mtu wa mjini aliouona, yaani watu, vibanda, na kuwa kwao mbali.

Kazi ya kurekebisha hali hiyo ilikwisha anzwa zamani na wenyewe. Haji Chum alichapisha msamiati wa Kikae, yaani lahaja ya kusini ya Unguja, katika jarida Swahili la miaka ya 1962 na 1963, akaupanua baadaye katika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Juhudi hizi zimeokoa maneno mengi. Hata hivyo kuokoa neno ni hatua ya kwanza, na kulifasiri kwa upana wa maisha yake ni hatua ya pili. Neno laweza kuokolewa likawekwa kitabuni kama samaki aliyekaushwa: umbo lipo, lakini maji hayamo.

Sababu ya pili ni fasihi. Mwanakamusi hutegemea mifano, na mifano hutoka katika maandishi. Riwaya za Zanzibar zilizopata sifa zimeegemea mji, shamba na bandari. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ni riwaya ya wapakuzi wa bandarini. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, zimeshika maisha ya shamba na mji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, yamtoa msomaji nje ya mji na kumfikisha mzimuni. Lakini huko amekutwa maiti, na kazi ya hadithi ni kulitatua fumbo kwa akili ya mpelelezi. Msitu katika riwaya hiyo ni mahali pa kufichulia siri, si mahali pa watu kuishi kwa taratibu zao. Haya si makosa ya waandishi, kwani kila mtunzi ana haki ya kuchagua uwanja wake. Lakini matokeo ni kwamba nathari haikumpa mwanakamusi sentensi za kutosha za mtu aliyelala dago, akaomba maji kwa wenyeji, akagawana samaki nao, akaondoka kwa kuaga.

Ushairi una hali bora kidogo, kwa kuwa miongoni mwa washairi wamo waliotoka katika kazi ya bahari. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, aliijua bahari kwa mikono yake kabla ya diwani yake ya Kimbunga kuchapwa mwaka 1994. Watunzi wa namna hiyo huyatumia maneno ya bahari kama watu wanaoyamiliki. Mtafiti anayetaka mifano hai ya neno dago na jamaa zake angefanya vyema kuanza kwao, na kwa wazee wenyewe wa Kizimkazi, Mkokotoni na Tumbatu, kabla ya kurudi kwenye makamusi yaliyonakiliana.

Hasara ya fasiri pungufu imezidi kuonekana tangu miaka ya 1990. Katika miaka hiyo Kizimkazi ilianza kujulikana ulimwenguni kwa watalii wanaokuja kutazama pomboo. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Visiwa vilivyokuwa vituo vya wavuvi vikapata wageni wa namna nyingine. Kwale, kwa mfano, hupokea watalii wanaoletwa kwa mashua kula chakula cha mchana na kurudi jioni. Hifadhi ina faida yake, na utalii umewapatia vijana wengi kazi. Neno linalohakikiwa hapa haliwapingi. Lakini mambo hayo yalikuja na maandishi yake: mipango, vibali, vibao na vitabu vya kuwaongoza wageni. Katika maandishi ya namna hiyo pwani isiyo na nyumba huweza kuitwa tupu, na vibanda vya makuti huweza kuitwa kambi za muda. Neno moja likikosewa, hukumu imekwisha tolewa. Kambi huhamishwa, hilo ni jambo la amri na la siku moja. Dago haliwezi kuhamishwa kwa amri ya upande mmoja, kwa sababu ni makubaliano baina ya mji na mji. Aliondoaye hana budi kuzungumza na pande mbili, aliyekaribisha na aliyekaribishwa. Mwenye kufasiri dago kuwa kambi amemwondolea mwenyeji neno lake na mgeni dhamana yake, ingawa hakukusudia.

Makosa ya namna hiyo huingia hata katika majina ya nyakati. Wageni wa Ulaya huja kwa wingi mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa joto kwao. Mtafsiri akiandika kwamba wanakuja Kizimkazi "wakati wa kiangazi" atakuwa amepotosha. Miezi hiyo Unguja ni kipupwe. Kusi huvuma, na pwani ya kusini hupigwa na mawimbi. Kiangazi cha Unguja ni miezi ya kaskazi, Disemba hata Februari, jua linapokuwa kali. Mvuvi wa dago hupanga mwaka wake kwa pepo hizo. Ndiyo maana wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka hata pwani ya Kenya wakati wa kaskazi, bahari inapotulia. Mtalii hupanga mwaka wake kwa likizo ya shule za kwao. Hao ni wageni wawili wenye kalenda mbili, na lugha isiyowatenganisha haiwezi kuwapangia mchanga mmoja.

Yafaa hapa kukata shauri juu ya jambo ambalo watafsiri huulizana: je, mahali pa mahema pa watalii pafaa kuitwa dago? Katika hifadhi za taifa za Tanzania bara, mgeni huweza kulala kwenye viwanja vya mahema vya watu wote au kwenye viwanja maalumu, na hivi vya pili aghalabu havina majengo. Mgeni huja na maji yake, chakula chake na hema lake, na hutakiwa kuondoka na takataka zake. Yuko porini, ana kibali, na ana siku ya kuondoka. Kwa mambo hayo anakaribia sana dago kuliko askari anavyolikaribia. Walakini jibu ni hapana. Mgeni huyo amelipa, na malipo yake yamemaliza deni. Mvuvi wa dago hamalizi deni. Wavuvi wa kusini waliopokea wageni mwaka huu huenda mwakani wakawa wao ndio wageni katika pwani ya wenzao, na jinsi walivyowapokea wengine ndivyo watakavyotarajia kupokewa. Dago ni ugeni wa zamu. Pasipo na zamu, pana kambi ya watalii au kiwanja cha mahema, na majina hayo yanatosha.

Haitakuwa haki kumaliza bila kutaja upande wa pili, kwani uhakiki usiogeuka kuwa sifa tupu ndio wenye faida. Dago halikuwa pepo. Wenyeji wamelalamika mara nyingi juu ya wageni wanaokuja na zana zinazoharibu matumbawe, wanaokata miti ya kuni pasipo ruhusa, au wanaokaa kupita muda waliopewa. Wageni nao wamelalamika juu ya wenyeji wanaopandisha malipo kila msimu. Vinywani mwa baadhi ya wenyeji, "watu wa dago" limekuwa neno la lawama. Tena dago kwa kawaida limekuwa jambo la wanaume, na wanawake waliobaki mjini wakabeba mzigo wa nyumba. Lakini malalamiko haya yenyewe yathibitisha hoja. Hapana mtu amlaumuye mwenye kambi kwa kuvunja ugeni, kwa sababu kambi haikuahidi ugeni. Anayelaumiwa kwa kukaa kupita muda ni yule ambaye neno lenyewe lilimwekea muda. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Tena wakasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Dago limesimama katikati ya methali hizi mbili: ni mgeni ajaye na jembe lake mkononi tangu siku ya kwanza, na ambaye mwenyeji hupona kwa fungu lake.

Kwa hivyo fasiri ifuatayo yapendekezwa kwa wanakamusi, si kwa kuwa imekamilika, bali ili ipimwe na wajuao zaidi: "Dago, wingi madago. 1. Safari ya wavuvi ya kwenda kuvua na kulala kwa muda maalumu mbali na mji wao, kwa idhini ya wenyeji wa mahali waendapo na kwa kufuata msimu wa pepo na maji: kwenda dago. 2. Mahali, aghalabu pwani au kisiwani pasipo na makazi ya kudumu, ambapo wavuvi hao hutua, hupika, hulala na kukausha samaki: wako dagoni. Linganisha ago, lago, kilago. Tofautisha na kambi." Fasiri hii ni ndefu kuliko ile ya maneno mawili matatu. Lakini karatasi itakayotumika ni ndogo, na itakachookoa ni kikubwa.

Hadithi za mji huliunganisha jina la Kizimkazi na mtu wa kale aliyeitwa Kizi, na wako wanaolisikia ndani ya jina hilo neno mkazi. Wanaisimu hawana haja ya kuikubali asili hiyo ili waone fundisho lake. Mji unaojiita kwa ukazi ndio uliolihifadhi neno la ugeni, kwa kuwa mkazi wa kweli ndiye ajuaye thamani ya kubisha hodi. Kamusi likilirudishia neno dago hodi yake, litakuwa limewatendea haki wavuvi waliolitunga, na limewapa watunga mipango ya pwani neno sahihi la kuanzia mazungumzo.